Boti ya Faiba Inavyovunjika: Namna ya Kusoma Ufa Kabla ya Kuuziba

Kuna boti moja niliiziba mara tatu mahali pale pale. Ilikuwa ya mita saba, ya kuvulia, inalala pale Deep Sea hapa Tanga, na ufa wake ulikuwa chini upande wa kulia, hatua mbili kutoka omo. Mara ya kwanza nilikwangua, nikalaza mati mbili, yale matandiko ya nyuzi za kioo, nikalipwa. Baada ya mwezi ikarudi. Nikalaza mati nne. Ikarudi tena, safari hii ufa umehamia kwenye ukingo wa kiraka changu. Nikaweka mati sita na kitambaa cha kufumwa, cha nyuzi hizo hizo, juu yake. Mwenye chombo, mzee wa Kidigo asiyependa maneno mengi, alinitazama nikipima resini, ile gundi ya kuloweshea nyuzi, akasema: "Fundi, ufa huu una mwenyewe. Bado hujamjua."

Ilirudi. Mara ya nne nilikataa kuigusa mpaka nitoke nayo baharini. Kusi ilikuwa imeshika. Nililala kifudifudi kwenye ngama, tochi mkononi, maji ya samaki yakinilowesha kifua, nikawa naitazama ngozi ya boti kwa ndani. Kila wimbi lilipopiga, ngozi iliyo kati ya mataruma mawili, zile mbavu za boti, ilipanda na kushuka kama tumbo la mtoto aliyelala. Hilo halina neno, faiba hupumua. Ila taruma moja lilikuwa limekatwa ghafla ili sanduku la barafu lipate pa kukaa, na pale lilipoishia ngozi haikupumua, ilikunjika kwenye mstari mmoja, palepale, kila pigo. Nguvu yote iliyokuwa ikitembea ndani ya taruma ilifika kwenye ncha ikakosa pa kwenda. Viraka vyangu vitatu vilikuwa vimeongeza ugumu juu ya mahali palipokuwa pagumu tayari, na kazi viliyofanya ni kuusogeza ufa sentimita kumi.

Wengi wetu tulioshika kazi hii tumetoka kwenye mbao. Mbao ikipasuka unaona ilipopasukia: unatoa ubao, unatia mwingine, unakalafati kwa pamba, unapaka sifa, mashua inashuka majini. Faiba haina adabu hiyo. Inaanza kuvunjika ndani, kidogo kidogo, siku nyingi kabla hujaona kitu, na ufa unapojitokeza juu huwa ni habari iliyochelewa. Kwa hiyo nitaanza na namna inavyovunjika, ndipo nifike kwenye kuziba. Mwenye haraka ya kuziba naye asome mwanzo, maana mimi nilikuwa na haraka na matokeo yake umeyasikia.

Kilichomo ndani ya ngozi

Chukua nyumba ya udongo ya huku kwetu. Fito zimefungwa, udongo umekandikwa. Fito peke yake zinayumba, udongo peke yake unamomonyoka, vikikaa pamoja unapata ukuta. Boti ya faiba ni hivyo hivyo: nyuzi za kioo ndizo fito, resini ndiyo udongo.

Uzi mmoja wa kioo una unene wa sehemu ya mia moja ya milimita, wakati mwingine zaidi kidogo. Ni jamaa wa kioo cha gilasi ya chai, lakini ukikusanya nyuzi mpya mpaka zijaze eneo la milimita moja ya mraba, zitabeba zaidi ya kilo 200 kabla ya kukatika. Chuma cha kawaida chenye eneo hilo hubeba kama kilo 40. Gilasi ya chai haina nguvu hizo kwa sababu imejaa mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na kioo huvunjikia penye mkwaruzo. Uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba mkwaruzo mkubwa. Mwingereza A. A. Griffith alilionyesha jambo hilo mwaka 1920, alipovuta kioo kuwa nyuzi nyembamba zaidi na zaidi na kuona kila zinapopungua unene zinazidi nguvu.

Resini ya polista iliyoganda, kwa upande wake, huchanika kwenye kilo 5 hadi 7 kwa milimita ya mraba. Ni dhaifu. Lakini ndiyo inayopokea mzigo kwenye uzi mmoja na kuukabidhi uzi wa jirani, ndiyo inayozuia nyuzi zisipinde zinaposukumwa, na ndiyo inayofungia maji nje.

Hapo unaona mahali panapoweza kushindwa. Uzi unaweza kukatika. Resini inaweza kupasuka. Uzi na resini vinaweza kuachana, vyote viwili vikiwa vizima. Na tabaka moja linaweza kubanduka kutoka tabaka jingine. Kwenye boti halisi haya hayaji moja moja, yana foleni yake, na anayeifahamu foleni hiyo anaweza kusema boti imefika wapi.

Kwenye mati, ile inayofanana na nywele zilizomwagwa ovyo na kubanwa, nyuzi zimelala kila upande. Ukivuta, zile zilizolala kukingama na mvuto hazina msaada wowote, na ndizo zinazoachana na resini kwanza. Hilo huanza mzigo ukiwa karibu asilimia 30 tu ya ule utakaovunja. Ukifika karibu asilimia 70, resini yenyewe inaanza kupasuka. Nyuzi zilizoelekea upande wa mvuto hukatika mwisho kabisa. Maana yake, boti inaweza kuwa imefanya safari zake zote vizuri, na ndani imeshaachana nusu.

Jaribio la ndoo

Maneno hayatoshi. Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namfanyisha hili siku ya kwanza, na hata ukiwa fundi wa miaka mingi nakuomba ulifanye mara moja. Gharama yake haifiki bei ya kiraka kimoja.

1. Tandika nailoni juu ya ubao. Laza mati nne za gramu 450 kwa mita ya mraba, kipande cha sentimita 30 kwa 30, uloweshe kwa resini na kutoa hewa kwa rola. Kila mati moja hutoa unene wa milimita moja hivi, kwa hiyo utapata ubao wa milimita 4. Tengeneza na ubao wa pili wa unene huo huo kwa kitambaa cha kufumwa peke yake.
2. Acha siku mbili tatu zigande sawasawa. Kata vipande vyenye upana wa sentimita moja na nusu. Kwenye kitambaa, kata vingine kufuata nyuzi na vingine mshazari, kama unavyokata kanga kona kwa kona.
3. Weka meza mbili zikiwa zimeachana sentimita 16, laza kipande kikingame juu ya nafasi hiyo, ning'iniza ndoo tupu ya lita 20 katikati kwa waya. Ndoo iwe karibu na sakafu, miguu yako isiwe chini yake, na uvae miwani.
4. Mimina maji kopo moja moja la lita. Baada ya kila kopo nyamaza, tega sikio.

Kopo chache za kwanza kipande kinapinda tu. Halafu tazama upande wa chini, ule unaovutwa: weupe unaanza kutokea katikati, kama jagi la plastiki ulilolikunja. Weupe huo si rangi. Ni nyuzi zimeachana na resini, na mwanga unagonga kwenye nafasi zilizobaki. Toa maji uone: kipande kinanyooka, weupe unafifia lakini hauishi wote. Rudisha maji. Ukiendelea utaanza kusikia mchakacho, kama mtu anakanyaga makuti makavu nyumba ya pili. Hiyo ni resini. Halafu mlio mmoja mkavu, na ndoo iko chini. Vipande vyangu vya mati huvunjika kati ya lita 12 na 18. Kikivunjika chini ya hapo sana, ama kina hewa, ama resini haikupata hadina, dawa ya kuigandisha, ya kutosha. Kikigoma mpaka ndoo ikajaa, chukua changarawe uongeze, na ujisifu.

Sasa shika vipande viwili vilivyovunjika uvitazame kwa karibu. Muwa ukiuvunja unabaki umeshikana kwa nyuzi, muhogo mbichi unakatika ka! Faiba nzuri iko katikati: inaacha nywele fupi, zikiwa na resini imeng'ang'ania juu yake. Ukiona nywele ndefu, safi, zinang'aa kama zimetoka dukani, nyuzi zilichomoka, hazikukatika. Resini haikuzishika. Ama mati ilikuwa na unyevu, ama resini ilianza kuganda kabla haijaingia ndani.

Kipande cha mshazari ndicho kinachowashangaza vijana. Kile kilichofuata nyuzi kinabeba zaidi ya mati na kuvunjika kwa kishindo. Cha mshazari kinalegea mapema, kinapinda kama ulimi, kinageuka cheupe chote na pengine hakivunjiki kabisa, kinateleza tu kati ya meza. Resini ile ile, kioo kile kile, unene ule ule. Kilichobadilika ni upande tu. Kila unapokata kitambaa kwa kubania ili kipande kilichobaki kitoshe, kumbuka ulimi ule.

Huwa hakukosi mtu wa kuuliza: kwa nini tusitumie mkonge, na Tanga ndiyo kwao? Swali ni zuri. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na mashamba yote ya hapa yametokana na hiyo. Nyuzi zake ni nyepesi kuliko kioo na ukizichanganya na resini unapata ubao mzuri wa dari au mlango. Lakini uzi wa mkonge unakunywa maji. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea, na kila mara unajibandua kwenye resini. Kwa kabati sawa. Kwa boti inayolala majini mimi simo.

Ufa unasemaje

Turudi kwenye boti. Ngozi ya nje ni jelikoti, rangi ngumu yenye unene wa nusu milimita hivi, haina nyuzi ndani. Kwa kuwa haina nyuzi, ndiyo inayopasuka kwanza, na hiyo ni bahati yako kwa sababu inakuandikia.

Osha sehemu kwa sabuni, ikauke. Kama ufa hauonekani vizuri, koroga bluu ya kufulia na maji kidogo, ipake, subiri, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Bluu itabaki kwenye nyufa, ndogo na kubwa. Kisha usitazame ufa mmoja, tazama mchoro wote.

Mistari sambamba, mingi, ikienda upande mmoja, inasema ngozi imekunjwa kwenye mstari huo huo mara nyingi. Nyuma yake karibu kila mara utakuta ukingo wa taruma, ukingo wa sanduku, au mwisho wa kitu kigumu. Huyo ndiye aliyekuwa kwenye boti ya mzee.

Nyota, nyufa zinazotoka kwenye nukta moja kama miale ya jua, ni pigo la mahali pamoja, na mara nyingi limetoka upande wa pili wa ngozi: nanga imedondoshwa ndani, au kuna bolti iliyokazwa kupita kiasi. Miduara, mmoja nje ya mwingine, ni pigo la upande huo huo unaoutazama. Vyombo vinavyolazwa ufukweni maji yakipwa, vikikalia jiwe au gogo moja huku vimejaa shehena, hupata michoro yote miwili kwa pamoja, na mwenyewe atakuapia hajagonga kitu. Kweli hajagonga. Ameikalisha.

Nyufa za ovyo ovyo kama tope lililokauka, zisizo na upande, kwa kawaida hazihusiani na mzigo. Jelikoti ilipakwa nene mno. Saga, paka upya, usimtishe mwenye chombo.

Chapati na sarafu

Ubaya ambao ufa hauuonyeshi ni tabaka kubanduka. Fikiria chapati ya kusokota vizuri: ukiivuta kwa marefu inakataa, ukiigonga kwa viganja inafunguka tabaka tabaka. Kati ya tabaka na tabaka hakuna uzi unaopita, ni resini peke yake inayoshika. Boti inaweza kuwa na nguvu za ajabu kwa marefu na mapana, na kwenye unene wake ikawa na nguvu za gundi tu.

Mambo matatu huzifungua. Pigo, hata lisiloacha alama nje. Kona, pale ngozi inapopinda kwa ghafla na mzigo ukitaka kuinyoosha. Na mikono yetu wenyewe: kulaza tabaka jipya juu ya lililokwisha kuganda bila kusaga, au kufanya kazi alfajiri umande ukiwa bado juu ya ngozi. Vitambaa viwili vya kufumwa vikilazwa uso kwa uso navyo hushikana vibaya. Weka mati katikati, nywele zake huingia kwenye mashimo ya vitambaa na kushika.

Kifaa cha kupimia unacho mfukoni. Chukua sarafu ya shilingi 200, gonga kwa ukingo wake, sentimita mbili baada ya mbili, kwa mistari. Faiba nzima inajibu kwa mlio mkali na mfupi. Iliyobanduka inajibu kwa mlio mzito, wa chini, kama unagonga papai bivu. Weka alama ya chaki kila sauti inapobadilika, na usiache mpaka mzunguko wa chaki umefunga. Ubanduko karibu kila mara ni mkubwa kuliko ufa. Ufa wa sentimita tano nimewahi kuuzungushia chaki ikafika ukubwa wa sinia. Fanya kazi hii asubuhi kabla watoto hawajaja kucheza na kabla mashine ya barafu haijaanza, maana unatafuta kwa sikio. Na ujue kwamba penye taruma nyuma sauti hubadilika pia, kwa hiyo linganisha na upande wa pili wa boti, mahali pale pale.

Tezi na bolti

Boti nyingi za hapa zinabeba mashine nyuma, na ubao wa tezi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande mbili. Mpango huo ni mzuri sana ukibaki mkavu. Faiba mbili zinavuta na kusukuma, plaiwudi katikati inazizuia zisitelezeane. Maji yakiingia, plaiwudi inaoza, na unabaki na maganda mawili membamba yasiyojuana.

Shika mguu wa mashine, upandishe na kuushusha kwa nguvu huku mwenzako anatazama pembe za tezi. Pembe zikifunguka hata unene wa kucha, au maji ya kahawia yakachuruzika kwenye bolti, toboa tundu dogo kwa ndani, chini kabisa. Unga mkavu wa rangi ya mbao, ziba uende zako. Ukitoka kitu kama majani ya chai yaliyokwisha pikwa, hakuna kiraka hapo. Plaiwudi yote inatoka.

Na mara nyingi njia ya maji ni tundu la bolti. Kwa hiyo maneno machache kuhusu bolti, maana hapa tunakosea sana. Tundu kwenye faiba likizidiwa lina njia nne za kushindwa. Linaweza kurefuka, bolti ikiisaga faiba polepole. Ubao unaweza kukatika kukingama kupitia kwenye tundu. Kipande kilicho kati ya tundu na ukingo kinaweza kuchomoka chote. Au kichwa cha bolti kinaweza kuzama na kutokea upande wa pili. Kati ya hizo, omba Mungu ukipata ile ya kwanza, kwa sababu inakupa siku: bolti inacheza, unaisikia. Nyingine huja ghafla.

Ili upate ile ya kwanza, toboa mbali na ukingo, si chini ya unene wa bolti mara tatu. Bolti ya milimita 10, tundu lake liwe milimita 30 au zaidi kutoka ukingoni, na kati ya bolti na bolti uache mara nne au tano. Weka washa pana pande zote. Na kila tundu, kabla bolti haijaingia, lipake resini kwa ndani, kwa sababu ncha za nyuzi zilizokatwa hunyonya maji kama utambi wa koroboi.

Mapigo milioni moja

Wenye boti huniuliza: "Mbona imevunjika siku ya bahari shwari, na juzi ilipita kwenye mawimbi makubwa?" Piga hesabu pamoja nami. Boti inayokimbia hupigwa na wimbi, tuseme, kila sekunde nne. Hayo ni mapigo 900 kwa saa. Saa sita kwa siku, mapigo 5,400. Siku 200 kwa mwaka, 1,080,000.

Faiba ya kioo ina kanuni yake ya kukadiria: kila unapozidisha idadi ya mapigo mara 10, inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyozaliwa nayo. Kutoka pigo moja kufika milioni kuna hatua sita kama hizo. Inabaki na asilimia 40 hivi. Si kila pigo ni kubwa, kwa hiyo boti yako haifiki huko kwa mwaka mmoja, lakini upande ni huo. Ile siku ya bahari shwari ilikuwa zamu ya pigo la mwisho tu.

Chombo cha chini ya bahari kilichoitwa Titan kilichopondeka Juni 2023, watu watano wakafa, kilikuwa na mwili wa nyuzi za kaboni, ndugu wa gharama kubwa wa hizi zetu. Uchunguzi ulisikia kwamba karibu mwaka mmoja kabla, Julai 2022, chombo kikipanda kutoka chini, waliokuwemo walisikia kishindo kikubwa. Kiliendelea kutumika. Kijana wangu mmoja aliposoma habari ile alisema, "Walikuwa na ndoo yao, fundi, wakasikia wakaendelea kumimina."

Maji nayo yana sehemu yake, ingawa polepole. Resini ya polista ya kawaida hupitisha maji kidogo, na ndani ya miaka yanakusanyika chini ya jelikoti na kutengeneza malengelenge. Toboa moja, umevaa miwani, unuse: likinuka kama siki, resini yenyewe inaliwa. Machache, saga na kausha. Mengi kama tetekuwanga, jelikoti yote ya chini inatoka na boti inakaa juu wiki kadhaa ikikauka.

Sasa unaweza kuziba

Umemjua mwenye ufa? Ondoa yeye kwanza. Kama ni taruma lililokatwa, lirefushe au lichonge literemke taratibu. Kama ni jiwe la ufukweni, badilisha mahali pa kulaza. Ndipo uwashe grainda.

Vaa barakoa na mikono mirefu. Hadina ikikuingia jichoni inaweza kukupofua, kwa hiyo miwani siyo mapambo, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Kama resini yako inahitaji kiamsho cha kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, kando, kamwe usikikutanishe na hadina moja kwa moja, hulipuka.

Saga mpaka utoe kila kilichobanduka ndani ya mzunguko wa chaki, kisha chonga kingo ziteremke kwa mara 12 ya unene. Ngozi ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60 kila upande. Tundu la sentimita 10 litakuwa dimbwi la sentimita 22. Najua linaonekana kubwa, na mwenye chombo atalalamika kwamba umemwongezea tundu. Mweleze kuwa mteremko ndio unaoupa mzigo nafasi ya kuhama kutoka faiba ya zamani kwenda mpya bila kujikwaa. Gonga tena kwa sarafu ukimaliza. Futa kwa asitoni, acha ikauke, na usiguse tena kwa vidole.

Pima mati kwenye mizani. Kwa kilo moja ya mati andaa kilo mbili hadi mbili na nusu za resini. Kwa kitambaa cha kufumwa, uzito kwa uzito. Resini nyingi haiongezi nguvu, inaongeza udongo bila fito. Kwa joto la Tanga mimi natia hadina gramu 10 kwa kilo ya resini, na nachanganya nusu kilo tu kwa wakati mmoja. Usilaze zaidi ya mati nne kwa mkupuo. Zikizidi, resini inapata joto ndani yake yenyewe na kupasuka kabla boti haijaonja bahari. Kingo za kila tabaka zisiishie mahali pamoja na za tabaka lililotangulia, ziachane kama ngazi.

Kwenye boti ya mzee nilitoa viraka vyangu vyote vitatu. Taruma nililirefusha kwa mbao laini iliyochongwa ikateremka kwa sentimita 30 mpaka ikawa si kitu, pembe zake nikazijaza resini na unga wa mbao mpaka zikawa mviringo, ndipo nikafunika. Sanduku la barafu tulilisogeza nyuma kidogo. Mabaharia walinung'unika siku mbili.

Juu ya jelikoti mpya nilichora kwa penseli mstari mahali ufa wa zamani ulipoishia, na tarehe pembeni. Huwa nafanya hivyo kwa kila boti sasa. Nilikwenda kuitazama baada ya bamvua mbili, nikapaka bluu, nikafuta. Mstari ulikuwa peke yake. Mzee alikuwa anatoa samaki, akanyanyua changu watatu akawaweka juu ya kisanduku changu cha zana, akarudi kwenye kazi yake bila kusema kitu.